Daftari Kabla ya Sanduku: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Vinu vya Pamba, Kasese na Bwera

Usisubiri siku ya kura. Uganda haina utaratibu kama ule wa Marekani, ambako tangu mwaka 1935 bodi ya serikali huweza kuja kiwandani, kupanga tarehe, kuleta karatasi za kura na kutangaza kama wafanyakazi wamekikubali chama au wamekikataa. Hapa kwetu chama hupata haki ya kukuwakilisha kwa njia ya uanachama. Wafanyakazi wanajiunga, chama kinapeleka ushahidi wa kujiunga kwao, na Msajili wa vyama vya wafanyakazi anatoa hati inayokitambua chama hicho kuwa msemaji wao mbele ya mwajiri. Kura ipo, lakini huja baadaye, pale wanachama wanapochagua viongozi wa tawi. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho: katika vinu vya pamba vya Kasese, uwakilishi hushinda au hushindwa kwenye daftari la wanachama, na daftari lisilo na majina ya vibarua wa msimu limeshindwa hata kabla ya sanduku kufunguliwa.

Tuanze na aina ya kazi iliyopo, maana mipango ya chama hufuata umbo la kazi. Kasese inalima pamba na kuichambua. Haisokoti uzi wala haifumi kitambaa. Ukitaka kuona kiwanda cha nguo chenye mashine za kusokota utakwenda Jinja, kwa Southern Range Nyanza, kile ambacho wazee bado wanakiita Nytil, au Kampala, kwa Fine Spinners pale Bugolobi. Pamba ya Kasese hufika kwenye kinu, mbegu ikatengwa na nyuzi, nyuzi zikabanwa kuwa marobota, kila robota likiwa na uzito wa kilo 185 hivi, na sehemu kubwa ya marobota hayo hupanda magari kwenda kuuzwa nje ya nchi. Vinu vingine ni vya kampuni, vingine ni vya ushirika, kama cha Nyakatonzi, mali ya wakulima wenyewe. Kote kuna makundi mawili ya watu. Kundi dogo ni la kudumu: fundi mitambo, fundi umeme, karani wa mzani, mtunza stoo, mlinzi. Kundi kubwa ni la msimu: wanaoshusha magunia, wanaolisha mashine, wanaofagia, wanaobana marobota na kuyapakia. Vumbi la pamba halichagui, linaingia mapafuni mwa wote, na cheche moja ikidondoka kwenye lundo la pamba inawahusu wote. Lakini anayelisha mashine usiku kucha ndiye anayelimeza vumbi hilo zaidi, na ndiye ambaye jina lake mara nyingi haliko popote isipokuwa kwenye karatasi ya nyapara.

Sheria nayo ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu bado kuna mameneja, na hata viongozi wa vyama, wanaozungumza kana kwamba tuko mwaka 1976. Sheria ya mwaka huo ilitaka chama kiwe na wanachama 1,000 ndipo kisajiliwe, na kiwe na asilimia 51 ya wafanyakazi wa mahali pa kazi ndipo mwajiri alazimike kukitambua. Kwa kiwanda ambacho nguvu kazi yake hubadilika kila msimu, asilimia 51 ilikuwa mlima: leo unayo, wiki mbili zijazo vibarua wamepunguzwa, huna. Katiba ya 1995 ilitangaza haki ya kila mfanyakazi kujiunga na chama anachokitaka, lakini sheria ya zamani iliendelea kukaa pale pale. Mwaka 2003 wasichana wa kiwanda cha kushona nguo cha Tri-Star, Bugolobi, kilichokuwa kikiuza Marekani kwa mpango wa AGOA, waligoma kwa sababu ya mazingira ya kazi. Zaidi ya 200 walifukuzwa, na Rais Museveni mwenyewe alitetea hadharani kufukuzwa kwao, akihofia wawekezaji watakimbia. Hawakuwa na chama kilichotambuliwa cha kuwasemea mezani, hivyo malalamiko yao yaliruka moja kwa moja kutoka bwenini hadi Ikulu. Mwaka 2005 Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa namba 87 kuhusu uhuru wa kujumuika, na mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria nne za kazi kwa mkupuo: ya ajira, ya vyama vya wafanyakazi, ya usuluhishi wa migogoro, na ya usalama na afya kazini. Sharti la asilimia 51 likaondoka. Meneja akikuambia kwamba hamjafika nusu na kwa hiyo hana la kuzungumza nanyi, anakusomea sheria iliyokwisha kufa.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba mlenge kuvuka nusu, tena nusu ya kila zamu na kila idara, ingawa sheria haiwadai. Majirani zetu bado wanatumia kipimo cha wingi: Kenya, sheria yake ya 2007 humtaka mwajiri akitambue chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wanaostahili kuwa wanachama, na Tanzania, sheria ya 2004 hukipa chama chenye wengi haki ya pekee ya kujadiliana. Kwetu sababu ya kutafuta wingi inatokana na pamba yenyewe. Uganda ina vinu vingi kuliko pamba inayolimwa. Karibu mwaka 1970 nchi ilitoa marobota yapatayo 470,000 kwa msimu, na tangu hapo haijakaribia tena kiwango hicho, ilhali tangu biashara ya pamba iachiwe huru mwaka 1994 wenye vinu wanagombea mzigo uleule. Kinu kinachosimama siku tatu wakati wa ununuzi kinaona malori yakipita kwenda kwa mwingine. Kinu kinachosimama baada ya msimu hakipotezi kitu. Kwa maneno mengine, sauti yenu ina uzito kwa miezi michache tu ya mwaka, na katika miezi hiyo walio wengi uwanjani ni vibarua. Tawi la mafundi kumi na wawili wa kudumu linaweza kuwa na hati halali, muhuri na mwenyekiti mwenye koti, lakini meneja anajua kwamba hao kumi na wawili hawawezi kusema lolote kwa niaba ya watu mia moja ambao hawakuulizwa.

Basi tengeneza daftari. Kitabu cha kawaida cha mistari, chenye jalada gumu, kinatosha. Kompyuta itakuja baadaye. Kila mtu apewe mstari wake: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa sababu jina la utani ndilo litakalokataliwa kwanza, namba ya simu, kijiji na wilaya ndogo anakotoka, idara yake, zamu yake, tarehe aliyoanza kazi msimu huu, na kama alikuwapo msimu uliopita, jina la nyapara aliyemwita, halafu sahihi au alama ya dole gumba. Usiliache daftari kiwandani. Mtu mmoja analiweka, mwingine anaweka nakala, na kila Jumapili nakala mbili zinalinganishwa. Kuanzia wiki ya tatu utaanza kuona mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapanga: kwamba zamu ya usiku ina watu wengi wa kutoka Bwera na Nyakiyumbu ambao hawaji kwenye mikutano kwa sababu mikutano hufanyika wakiwa wamelala, kwamba wanawake wanaochambua takataka kwenye pamba hawajaandikishwa hata mmoja, kwamba mtu anayeitwa mpya amekuwa akija kwa misimu minne. Daftari hilo ndilo litakalokuambia nani hana msemaji, jambo ambalo hotuba ya uhamasishaji haiwezi kukuambia.

Safu ya tarehe ya kuanza kazi ina faida ya pili, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akiwa amefanya kazi mfululizo kwa muda huo, anastahili mkataba wa maandishi, anaacha kuwa kibarua, na haki za wafanyakazi wengine zinamhusu. Wengi hawaifahamu kanuni hii, na wanaoifahamu huwa hawana ushahidi, kwa kuwa karatasi ya nyapara hutupwa mwisho wa msimu. Mwajiri mjanja naye huhesabu: anamsimamisha mtu siku chache kabla ya mwezi wa nne kutimia, kisha anamrudisha kama mgeni. Daftari lenye tarehe na sahihi, pamoja na ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu kwa wale wanaolipwa kwa njia hiyo, linageuza manung'uniko kuwa madai yanayoweza kupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya. Na kibarua ambaye hajatimiza miezi minne asidhani kwamba hana haki ya kujiunga. Sheria ya ajira inamtambua kuwa mfanyakazi mtu yeyote aliyeingia mkataba wa kufanya kazi, hata wa mdomo. Kadhalika inasema wazi kwamba uanachama wa chama, kushiriki shughuli zake nje ya saa za kazi, au kugombea uwakilishi, si sababu halali ya kumfukuza au kumwadhibu mtu.

Baada ya daftari ndipo uende kwa chama, na hapa kuna uamuzi unaohitaji kichwa kilichotulia. Chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa nguo, mavazi na ngozi, UTGLAWU, ndicho chenye uzoefu wa sekta hii. Lakini kama kinu chenu ni mali ya ushirika, kuna pia chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa vyama vya ushirika ambacho kinaweza kudai kwamba ninyi ni wake. Juu ya vyama hivyo kuna mashirikisho mawili, NOTU lililoanzishwa 1973 na COFTU la 2003, na ushindani wao hushuka hadi matawini. Msiviruhusu vyama hivyo vije kugombania uwanja wenu. Viiteni vyote viwili kwa siku tofauti, mviulize maswali yaleyale: mna mikataba mingapi inayofanya kazi sasa, katika viwanda gani, nani kati yenu ataishi au kufika Kasese wakati wa msimu, kiasi gani cha ada hubaki tawini, kibarua anayemaliza msimu anahesabiwaje hadi msimu ujao? Swali la mwisho ndilo litakalowatenganisha. Chama kisichokuwa na jibu lake kinatafuta makato ya mafundi kumi na wawili.

Mkishachagua chama, kazi ya karatasi huenda hivi. Kila mwanachama anajaza fomu ya kujiunga na, kando yake, idhini ya maandishi ya kukatwa ada kwenye mshahara. Bila idhini hiyo mwajiri hana ruhusa ya kukata, na bila makato hayo chama hakina ushahidi rahisi wa uhai wake. Fomu ziwe nakala tatu: ya chama, ya mwanachama, ya tawi. Usimpe meneja orodha ya majina kabla chama chenyewe hakijaandika barua rasmi ya kuomba kutambuliwa. Orodha inayozagaa mapema ndiyo inayogeuka kuwa orodha ya watakaoambiwa wasirudi kesho. Chama hupeleka maombi kwa Msajili katika wizara inayoshughulikia kazi, na hati ikitoka, mwajiri anapaswa kuketi nacho. Akikataa au akichelewesha, shauri linakwenda kwa afisa wa kazi, na likishindikana huko linaweza kufika Mahakama ya Viwanda. Mahakama hiyo ilikaa miaka mingi ikiwa jina tu kwenye vitabu, hadi majaji wake walipoanza kusikiliza kesi mwaka 2014, kwa hiyo usishangae ukimkuta mzee anayekuambia kwamba haipo. Ipo. Kuhusu afisa wa kazi wa wilaya, mheshimu na umwandikie. Usimtegemee peke yake. Analipwa kupitia wilaya, na wilaya inapenda viwanda vyake vitulie.

Sasa kura. Uchaguzi wa tawi uitishwe msimu ukiwa umeshika kasi na vibarua wakiwa wamejaa, na kila mwenye fomu awe na haki sawa na fundi wa kudumu. Wengine watapinga: kwa nini mtu wa miezi mitatu amchague kiongozi wa mwaka mzima? Kwa sababu kiongozi huyo atajadili ujira wa mtu wa miezi mitatu, na atakaa kimya juu yake kama hana kura yake. Njia nzuri ni kugawa viti kwa idara na zamu badala ya kuchagua kamati nzima kwa mkupuo: mwakilishi mmoja wa wanaoshusha magunia, mmoja wa mashine mchana, mmoja wa mashine usiku, mmoja wa wanaobana marobota, mmoja wa wachambuzi wa takataka, mmoja wa karakana. Wakishapatikana hao, wote pamoja wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ukichagua kwa mkupuo, mafundi watashinda viti vyote, si kwa hila, ni kwa kuwa wao ndio wanaojulikana na kila zamu.

Na kura iwe ya siri. Uganda imezoea mlolongo: mwaka 1989 tulipanga mstari nyuma ya wagombea, na mwaka 2018 tukapanga tena kuchagua viongozi wa vijiji. Watetezi wake husema mstari hauibiwi, kila mtu anauona kwa macho. Kijijini hoja hiyo ina uzito fulani. Kiwandani haina, kwa sababu miongoni mwa wanaoona kwa macho yumo nyapara anayeamua kesho asubuhi nani apite getini. Karatasi ndogo, zilizogongwa muhuri wa tawi, zinatosha. Kila mgombea apewe alama ambayo hata asiyesoma ataitambua, kama gunia, taa, mzani au ufunguo wa fundi. Na sanduku lisafiri kwa zamu, asubuhi wanaotoka usiku wapige kura kabla ya kwenda kulala, jioni wanaoingia wapige kabla ya kuanza. Kila zamu iwe na mfuko wake uliofungwa, na kura zote zihesabiwe pamoja ili isijulikane idara gani ilimpigia nani. Majina ya wapiga kura yasomwe kutoka kwenye daftari. Asiyekuwamo hapigi, hata akiwa mjomba wa mgombea.

Matangazo ya uchaguzi yatoke kwa Lhukonzo na Kiswahili kwa uchache, maana uwanja wa kinu hukusanya Wakonzo, Watooro, Wanyankole na ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, na Kiingereza cha fomu huwaacha wengi nje. Mgombea asije na fulana ya chama cha siasa, awe wa rangi yoyote. Kasese ina majeraha yake, na baada ya umwagaji damu wa Novemba 2016 kwenye jumba la mfalme wa Rwenzururu hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi mgawanyiko wa nje unavyoweza kuingia hadi kwenye safu ya wabeba magunia. Wabunge watano wa wafanyakazi wapo Bungeni kwa siasa hizo; tawi lenu lipo kwa ajili ya vumbi, ujira na saa.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa mwajiri. Linatoka nyumbani. Anayebana marobota ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Munkunyu au Karusandara, na mkulima huyo atauliza: mkiongezwa ujira, bei yangu ya kilo haitashuka? Kwa kinu cha ushirika swali ni kali zaidi, kwa sababu mwajiri ni baba yako. Lijibu kwa hesabu, usilikwepe. Takriban kilo tatu za pamba yenye mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi, kwa hiyo robota moja limebeba zaidi ya nusu tani ya pamba iliyonunuliwa mzanini. Gharama kuu ya robota ni hiyo pamba, kisha umeme au dizeli, riba ya mkopo wa kununulia, na usafiri hadi bandarini. Ujira wa mikono iliyolibana umegawanywa kwenye marobota mengi. Kinachopanda na kushuka na kumuumiza mkulima ni bei ya dunia ya nyuzi, ambayo haiamuliwi Kasese. Lakini hoja ya jumla haitoshi. Kamati yenu idai kuonyeshwa gharama ya ujira kwa kila robota msimu uliopita, na matokeo yasomwe mbele ya wakulima kwenye mkutano wao. Kama ushirika ni wao kweli, hesabu hiyo ni yao pia. Na kuna upande mwingine ambao wakulima huuelewa haraka: pamba ya Uganda hupata bei nzuri kwa sababu huchumwa kwa mkono, na sifa hiyo hupotea kiwandani pale nyuzi za magunia ya plastiki na uchafu vinapoachwa viingie kwenye robota. Mchambuzi wa takataka aliyechoka kwa kazi ya saa kumi na mbili mfululizo ndiye anayeviacha.

Pingamizi la pili ni kwamba kinu kitafungwa. Watu wa Kasese hawatishiki bure. Waliiona Kilembe, mgodi uliowaletea reli mwaka 1956, ukinyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mji ukapauka. Lakini Kilembe haikuuawa na chama cha wafanyakazi. Bei ya shaba ilianguka, mwekezaji wa Kanada aliondoka, na miaka ya Amin ikamaliza vipuri na mafundi. Kiwanda hufungwa kwa sababu za soko na mtaji, na mfanyakazi asiye na chama hufungiwa mlango sawasawa na mwenye chama. Tofauti ni kwamba asiye na chama mara nyingi huondoka bila malipo ya mwisho. Ninachokubali katika pingamizi hili ni kwamba ushindi wa kura peke yake haumlindi mtu. Mwaka 1974, Roanoke Rapids, North Carolina, Marekani, wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa viwanda vya nguo vya J.P. Stevens walipiga kura na chama kikashinda kwa tofauti ya kura zisizofika 300. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi mwaka 1980. Miaka sita kampuni ilijadiliana bila kukubali kitu, na chama kikabaki hai kwa sababu wanachama hawakuacha kulipa wala kukutana. Ukiwa na tawi la vibarua wanaotawanyika kila msimu unapoisha, huna miaka sita ya kungoja. Ndiyo maana daftari lazima liwe na namba za simu, na ndiyo maana ada ndogo ya miezi isiyo na kazi, hata ya mara moja kwa njia ya simu, ina maana kubwa kuliko kiasi chake: inaonyesha nani bado yumo.

Pingamizi la tatu, kwamba vyama hula ada na kusahau watu, siwezi kulipuuza, maana mara nyingi ni kweli. Dawa yake ni ya kawaida na inachosha: mweka hazina abandike mapato na matumizi ukutani kila mwezi wa msimu, sahihi mbili ziwe lazima kwa kila fedha inayotoka, na mwakilishi wa idara aweze kuondolewa na idara yake kabla ya muda kwa kura ileile ya siri. Tawi linaloshindwa kufanya haya matatu lina haki ya kutoaminiwa.

Neno moja kwa washonaji wa Bwera, wale wa cherehani pembeni ya soko na njia ya kwenda Mpondwe. Wengi wenu ni wenye kazi zenu wenyewe, na uwakilishi wa aina hii hauwahusu. Mtafaidika zaidi na ushirika wa akiba au umoja wa wafanyabiashara. Lakini mwenye kufanya kazi kwenye duka la mtu mwingine, analipwa kwa kipande na kuambiwa saa za kuja na kuondoka, ni mwajiriwa, hata duka likiwa na cherehani nne. Wanane wa maduka matatu wanaweza kuandikwa kwenye daftari moja. Na kwa kibarua wa kinu anayetoka Bwera, kama kilomita 50 kutoka mjini Kasese, mkutano mmoja wa tawi ufanyike Bwera kabla msimu haujaanza, kwa sababu ndiko atakakokuwa.

Mkishaketi mezani, msianze na orodha ya mambo ishirini. Anzeni na yale ambayo sheria tayari inayataka: mkataba wa maandishi kwa aliyepita miezi minne, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ya mwajiri na 5 yenu, ambayo tangu marekebisho ya 2022 inamhusu kila mwajiri bila kujali idadi ya watu alionao, barakoa zinazobadilishwa na si za picha, njia za kutokea moto ambazo hazijazibwa na marobota. Kisha dai ambalo sheria haijalitoa: kibarua wa msimu uliopita aitwe kwanza msimu mpya unapoanza, kwa kufuata daftari na si kwa kufuata nyapara. Mwisho ujira. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Muswada wa kukirekebisha uliopita Bungeni mwaka 2019 haukupata sahihi ya Rais. Kwa sasa hakuna ujira wa haki utakaoletwa Kasese na sheria ya kima cha chini. Utatoka mezani, na ununuzi wa pamba huanza karibu na Novemba. Daftari linunuliwe Agosti.